Uzi: Ukitafsiri dodoso la metakognisheni ya fizikia, unapima fikra za mwanafunzi au unapima lugha yake?

#1 Mleta uzi

Salaam wakuu.

Uzi huu ni mrefu, naomba uvumilivu wenu. Kwa muda sasa nimekuwa nikikaa na wanafunzi wanaosoma fizikia kwa lugha moja na kuifikiria kwa lugha nyingine, na kuna jambo limenikaa rohoni. Tunachukua dodoso lililotungwa kwa Kiingereza, tunalitafsiri, tunaligawa darasani, tunajumlisha alama, halafu tunatangaza kwamba wanafunzi wa lugha fulani hawajisimamii wanapokokotoa. Hukumu hiyo nimewahi kuitoa mwenyewe. Leo siamini kwamba nilikuwa nimepima nilichodhani nimepima.

Tuanze na kitu chenyewe. Chukua swali hili: gari linakwenda kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, na kasi inapungua kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Gari litasimama baada ya umbali gani? Mwanafunzi wa kwanza anachukua 72, anaizidisha kwa 72, anagawa kwa 10, anapata 518.4. Anaandika "mita 518.4", anapiga mstari chini, anahamia swali linalofuata. Wa pili anafanya kosa lilelile na kupata namba ileile, lakini kalamu yake inasimama. Nusu kilomita nzima kusimamisha gari? Anarudi juu, anagundua hakubadilisha kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, 72 inakuwa 20, jibu linakuwa mita 40.

Fizikia wanayoijua hao wawili inaweza kuwa sawasawa. Kilichowatenganisha ni kile kitambo kidogo kalamu iliposimama. Hicho ndicho tunachokitafuta, na kukipima ni kazi kwa sababu kwenye karatasi ya mwisho hakionekani. Kimefutwa kwa raba.

Jina lake ni metakognisheni: mtu kuijua na kuisimamia fikra yake mwenyewe. Mwanasaikolojia wa Marekani John Flavell ndiye aliyeliingiza neno hili katika matumizi miaka ya 1970, na makala yake ya 1979 ndiyo wengi huanzia. Ann Brown na waliomfuata wakaligawa jambo hili pande mbili. Upande wa kwanza ni kujua: maswali ya aina gani hunikwamisha, mbinu ipi hunifaa, niitumie lini. Upande wa pili ni kusimamia: kupanga kabla ya kuanza, kujichunguza njiani, kusaka kosa, kulipima jibu likishapatikana.

Kwa kuwa kitu hiki hakionekani, watu wakaona njia nyepesi ni kumuuliza mwenyewe. Mwaka 1994 Schraw na Dennison walitoa dodoso la jumla lenye kauli 52. Mwaka 2013 Taasoobshirazi na Farley wakachapisha la fizikia peke yake, kauli 24 kuhusu mtu anavyokokotoa maswali, na uchambuzi wao ukatoa vipengele sita: kujua fikra, kupanga, kujifuatilia, kutathmini, kurekebisha makosa na kupangilia taarifa. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Lakini kumbukeni kwamba hata katika lugha yake ya kuzaliwa dodoso hilo lilihitaji marekebisho, na mwaka 2015 likaja toleo lililopimwa upya. Iweje basi sisi tulihamishe lugha kwa wiki moja, na kamusi mezani, tuamini limefika salama?

Sasa niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu nilipoacha kujumlisha alama na kuanza kumkalisha mwanafunzi mmoja mmoja, nikimuuliza: "Kauli hii umeielewaje?"

Kauli ya kwanza: "Ninajiuliza kama nimelielewa swali." Kwa Kiswahili safi haina kasoro. Binti mmoja, hodari kuliko wenzake wote, alikuwa ameweka alama ya chini kabisa. Akaniambia, "Mimi nikielewa nimeelewa, sina wasiwasi." Kwake kujiuliza ni kuwa na shaka, kama mtu anayejiuliza amekosea nini. Tabia ya kusimama na kuhakikisha ameelewa anayo tele, nimeiona kwenye kazi zake. Kauli yangu ilimuuliza kuhusu wasiwasi, naye akajibu kuhusu wasiwasi.

Kauli ya pili: "Nikimaliza, ninaangalia kama jibu ni sahihi." Kijana mmoja aliweka alama ya juu kabisa. Nikamuuliza anaangaliaje. Akafungua kitabu kurasa za mwisho, penye majibu. Alinijibu ukweli mtupu. Mimi nilikuwa nasaka mtu anayelipima jibu kwa akili yake, nikampata anayelilinganisha na jibu la mwandishi.

Kauli ya tatu ilinifundisha kuhusu sarufi: "Huwa ninachora mchoro kabla ya kuanza kukokotoa", na machaguo yanaanzia "kamwe" hadi "kila mara". Hilo "huwa" limeshasema ni mazoea. Anayechora siku moja moja anabaki njia panda: akikubali anaonekana ana mazoea, akichagua "mara chache" anaipinga kauli na kuikubali kwa pamoja. Wanafunzi wawili wenye tabia moja walijibu sehemu mbili tofauti, kila mmoja na hoja yake.

Halafu kuna kauli za kukanusha, zile zinazowekwa makusudi ili kumnasa anayejibu bila kusoma. "Sirudii kusoma swali nikikwama." Ukimuuliza Mswahili "Hujaelewa?" naye hajaelewa, atakujibu "Ndiyo, sijaelewa." Anaikubali kauli yako jinsi ilivyo. Anayezungumza Kiingereza atasema hapana. Mtu anayeishi katika lugha zote mbili, akipewa kauli ya kukanusha na kuulizwa kama anakubali au hakubali, anaweza kutumia kanuni ya huku kwenye karatasi ya kule. Ukizigeuza alama za kauli hizo ili zijumlishwe na nyingine, unageuza mkanganyiko uwe takwimu.

Mtaniuliza kuhusu tafsiri rejeshi, ile njia ambayo Brislin aliieleza mwaka 1970: mmoja anatafsiri kwenda, mwingine asiyeiona nakala ya kwanza anatafsiri kurudi, kisha unalinganisha. Niliifanya. "Ninajiuliza kama nimelielewa swali" ilirudi kwenye Kiingereza ikiwa imenyooka kabisa, neno kwa neno. Mtafsiri aliielewa kauli. Aliyeielewa kivyake ni mwanafunzi, na tafsiri rejeshi haimgusi mwanafunzi hata kidogo. Ndiyo maana miongozo ya Tume ya Kimataifa ya Upimaji, toleo la pili la 2017, haitosheki na hatua hiyo. Inataka pia kauli zijaribiwe kwa watu wenyewe na matokeo yapimwe.

Na hapo sijagusa maswali ya fizikia yenyewe. "Kitalu kinateleza juu ya uso laini." Mwandishi anamaanisha hakuna msuguano. Lakini laini ni pia kitu kinachobonyea, kama godoro, na juu ya godoro kitalu hakitelezi. Mwanafunzi aliyeongeza msuguano kwenye mlinganyo wake alikuwa anafikiri vizuri sana, juu ya sentensi nyingine. Tukimwandikia "hakujifuatilia" tunamwonea.

Naweka kalamu chini hapa kwanza. Karibuni.

#2 Mwanasarufi

Mleta uzi, ahsante, haya ni madini. Hapo kwenye "huwa" umenigusa, mimi ni mtu wa lugha na sikuwahi kulitazama dodoso kwa jicho hilo.

Swali langu: kama kumuuliza kuna mitego yote hii, si bora kumsikiliza anapokokotoa? Aongee anachofikiri, wewe unarekodi. Na je, aongee lugha gani?

#3 Mleta uzi

Mkuu, umepiga penyewe. Mtafiti wa metakognisheni Marcel Veenman amelisisitiza hili kwa miaka mingi: anachosema mtu kwamba hukifanya na anachoonekana akikifanya kazini haviendani sana. Kufikiri kwa sauti kunakaribia zaidi kazi yenyewe.

Kuna sharti moja ambalo watu hulivunja. Ericsson na Simon, tangu makala yao ya 1980, walitofautisha kumwacha mtu atamke yanayompitia kichwani na kumtaka aeleze sababu. La kwanza linaweza kumchelewesha, lakini mkondo wa fikra haubadiliki sana. La pili linaubadilisha. Ukikaa pembeni unamuuliza "Kwa nini umefanya hivyo?", wewe ndiye umekuwa metakognisheni yake. Akinyamaza, mwambie "endelea kuongea" basi, usiongeze neno.

Kuhusu lugha, ushauri wangu ni mmoja: usimchagulie. Ukimlazimisha lugha moja, umemwongezea kazi ya kutafsiri katikati ya kazi ya kukokotoa, na akili ina nafasi ndogo ya kushika vitu kwa wakati mmoja. Mwache achanganye. Katika rekodi zangu nimeona mtindo unaojirudia: swali linasomwa kwa lugha ya kitabu, namba na kanuni zinatajwa kwa lugha ya kitabu, lakini pale anapojishika, lugha inageuka. "Velositi ikwo tu yu plasi eiti (yaani v = u + at)... ngoja. Mbona kubwa hivi? Hebu nirudi. Aa, kumbe nimesahau alama ya kutoa."

Sikilizeni maneno hayo manne: ngoja, mbona, hebu, kumbe. "Mbona" ni mtu amegongana na matarajio yake. "Kumbe" ni kosa limeonekana. Mwenye kuweka alama kwenye rekodi akitumia mwongozo uliotungwa kwa Kiingereza atatafuta sentensi ndefu ya mtu kutangaza kwamba jibu halina mantiki. Haipati, anaandika sifuri. Kumbe mwanafunzi ameshasema yote kwa "mbona". Kila lugha ina vijineno vyake vya namna hii, na orodha yake lazima itoke kwenye rekodi za wasemaji wenyewe kabla mtu hajaanza kuhesabu.

Angalizo dogo: "mbona" nyingine ni lawama kwa swali, "mbona gumu hili". Hiyo usiihesabu. Ndiyo sababu nasema wawepo watu wawili wa kuweka alama, kila mmoja peke yake, na wote wawe wenye lugha.

#4 Namba Hazidanganyi

Mimi ni wa takwimu, niruhusuni niongeze kipande ambacho mleta uzi amekipitia juu juu. Kabla ya kulinganisha wastani wa makundi mawili ya lugha, lazima uthibitishe ulinganifu wa kipimo. Watu wanairuka hatua hii kwa sababu programu itakupa wastani hata kama hauna maana.

Fikirieni mizani mbili. Jambo la kwanza, zote zipime uzito. Isiwe moja inapima uzito na nyingine urefu. Kwenye dodoso maana yake ni kwamba kauli zilezile zijikusanye kwenye vipengele vilevile katika lugha zote mbili. Jambo la pili, hatua za mizani zilingane: kuongezeka kwa kilo moja huku kuwe sawa na kuongezeka kwa kilo moja kule. Likithibitika hilo unaruhusiwa kulinganisha uhusiano, mfano je, metakognisheni inaenda pamoja na alama za fizikia kwa nguvu ileile katika lugha zote? Jambo la tatu ndilo gumu: mizani zote zianzie sifuri moja. Kama mizani ya lugha moja inaanzia kilo mbili bila kitu juu yake, kila utakachopima kitaonekana kizito zaidi. Bila hatua hii ya tatu, kusema kundi hili lina wastani mkubwa kuliko lile ni kupoteza wino.

Kauli ya "ninajiuliza" ingeanguka hapohapo kwenye hatua ya tatu. Wanafunzi wenye kiwango kimoja cha metakognisheni wangeipa alama tofauti kwa sababu ya neno tu.

Wengi hutumia kigezo cha Cheung na Rensvold cha 2002: ukiongeza sharti jipya la kulingana, na faharasa ya CFI (namba inayoonyesha modeli yako inavyoendana na majibu ya wanafunzi) ikashuka zaidi ya 0.01, ulinganifu umevunjika. Ukivunjika si lazima utupe kazi yote. Tafuta kauli zilizosababisha, ziachie huru, yaani usizilazimishe zilingane katika lugha zote mbili, uone kama zilizobaki zinatosha. Ila unahitaji mamia ya wanafunzi kwa kila lugha, na alfa ya Cronbach hata ikiwa kubwa haikuokoi. Alfa inakwambia kauli zinasikilizana zenyewe kwa zenyewe. Zinaweza kusikilizana vizuri sana juu ya kitu kingine kabisa.

#5 Chaki Nyeupe

Nimewasoma wote kwa makini. Nafundisha fizikia mwaka wa kumi na sita sasa, na nina pingamizi la dhati.

Mnazungumza kana kwamba kujisimamia ni kitu kinachoelea peke yake. Mwanafunzi asiyejua fizikia hawezi kujisimamia katika fizikia. Yule aliyeshtuka na mita 518 alishtuka kwa sababu anajua gari husimama umbali gani. Mpe swali la sumaku na umeme, hana cha kumshtua. Je, hamuoni mnachopima ni maarifa tu, kisha mnakiita jina kubwa? Mkilinganisha lugha mbili na upande mmoja umefundishwa vizuri zaidi, tofauti ya ufundishaji mtaiita tofauti ya lugha.

#6 Mleta uzi

Mwalimu, pingamizi lako ni zito na sehemu kubwa nakubaliana nalo. Chi, Feltovich na Glaser mwaka 1981 waliwapa watu maswali ya fizikia wayapange kwa mafungu. Wanagenzi waliyapanga kwa sura: haya ya mteremko, haya ya springi. Wabobezi waliyapanga kwa kanuni: haya ya uhifadhi wa nishati, haya ya sheria ya pili ya Newton. Anayeona mteremko tu hana njia ya kupanga mkakati wa nishati, hata awe makini kiasi gani. Na Dunning na Kruger mwaka 1999 walionyesha kwamba waliofanya vibaya zaidi walijikadiria juu mno, kwa kuwa ujuzi unaohitajika kufanya kazi ndio huohuo unaohitajika kuiona imeharibika.

Kwa hiyo asiyepima maarifa pamoja na metakognisheni hana ulinganisho. Hapo sibishani.

Ninapotofautiana nawe ni kwenye neno "tu". Nimewaona wanafunzi wawili wenye alama sawa wakiachana mbali. Chukulia maswali matano, na baada ya kila jibu mwanafunzi anaandika ana uhakika kwa asilimia ngapi. Mmoja anaandika 90 kila mahali, anapata matatu. Mwenzake anaandika 100, 90, 40, 30, 90, naye anapata matatu. Aliyokosa ni la tatu na la nne. Kwenye ripoti ya shule hawa ni pacha, 60 kwa 60. Lakini wa kwanza wastani wa uhakika wake ni 90 dhidi ya 60 aliyopata, na hana habari amekosa wapi. Wa pili wastani wake ni 70, na ameyanyooshea kidole maswali mawili aliyokosa kabla hujasahihisha. Huyo akipewa dakika kumi za ziada anajua arudi wapi.

Kipimo hiki ninakipenda kwa sababu mzigo wa lugha ni mdogo. Hakuna "kujiuliza", hakuna "huwa", hakuna kukanusha. Kuna namba moja na swali moja. Sisemi hakina lugha kabisa. Kuna mahali ambapo kujipa 100 ni majivuno na watu huishia 80 hata wakiwa na hakika. Ndiyo maana usitazame ukubwa wa namba peke yake, tazama kama namba zinapanda kwenye majibu sahihi na kushuka kwenye makosa. Anayejipa 80 kwenye alizopata na 40 kwenye alizokosa anajijua, hata kama hajawahi kuandika 100 maishani.

#7 Njia ya Kati

Mimi sina mamia ya wanafunzi wala programu za takwimu. Nina darasa moja la watu arobaini, wanasoma kwa Kiingereza na kuzungumza Kiswahili. Nataka tu kujua kama wanaokwama wanakwama kwa lugha au kwa kutojisimamia. Naanzia wapi, mleta uzi?

#8 Mleta uzi

Dada/kaka, darasa lako linatosha kabisa kwa swali hilo, kwa sababu humlinganishi mtu na mtu mwingine. Unamlinganisha na nafsi yake.

Tunga seti mbili za maswali manne, zinazolingana kwa ugumu na mada. Kila seti iwepo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Nusu ya darasa ipate seti ya kwanza kwa Kiingereza na ya pili kwa Kiswahili, nusu nyingine kinyume chake. Na ndani ya kila nusu, wengine waanze na Kiswahili na wengine na Kiingereza, ili uchovu wa mwisho usiangukie lugha moja. Istilahi kwenye Kiswahili zisiwe mtihani wa pili: kama wamezoea "masi" usiwaletee "tungamo" siku hiyo, na "nguvu" wanayoitumia kwa kani, kwa nishati na kwa misuli ya mtu ifafanuliwe ndani ya swali.

Kabla hawajakokotoa, waandike kwa maneno yao swali linauliza nini. Mstari mmoja, lugha yoyote. Baada ya jibu, asilimia ya uhakika. Wakataze raba, wakikosea wapige mstari mmoja tu juu ya kosa ili wewe ulione.

Ukishakusanya, soma ule mstari wa kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ambaye mstari wake ni mbovu kwa Kiingereza na mzuri kwa Kiswahili, tatizo lake liko mlangoni, bado hajaingia kwenye fizikia. Uhakika wake kwa Kiingereza usiuhukumu. Ambaye mistari yote miwili ni sawa, lakini hakuna hata kosa moja alilolikata mwenyewe na ameandika 90 kila mahali kwa lugha zote mbili, huyo ndiye wa kukaa naye ukamfundisha kusimama na kulitazama jibu.

Kuna kundi la tatu ambalo mimi lilinishangaza: wanaoelewa swali vizuri kwa lugha zote mbili, lakini wanakata makosa yao kwa Kiswahili tu. Kwa Kiingereza karatasi zao ni safi na majibu ni mabaya. Wa namna hiyo, chukua wawili watatu, wape swali la Kiingereza, waambie waongee kwa sauti na lugha yoyote ni ruksa. Ukianza kusikia "mbona" inarudi, utajua ilikuwa wapi siku zote.

Ukishafanya, tafadhali rudi hapa utuambie umeona nini. Nakala ya kauli nilizozirekebisha nitaiweka kwenye uzi huu nikimaliza kuzijaribu kwa wanafunzi wenyewe.